Kamba Yenye Mafundo Manne

Gerezani, saa nne, jua limeshafika kwenye kaunta.
Injini zimetundikwa kwenye stendi za chuma
kama mbuzi waliochunwa, miguu chini.
Muuzaji, Kasiani kwa jina la kwenye beji,
ananiuliza: "Mama, mzee yuko wapi tuongee?"
Nimemwambia mzee ni mimi.

Anaanzia juu, kama wanavyoanza wote.
Farasi arobaini. Mpya.
Kofia yake inang'aa, ungeweza kujipaka wanja humo.
"Hii ukiivuta mara moja, mto mzima unakusikia."
Mimi sitaki mto unisikie.
Nataka unisahau nikipita.

Nikamwuliza: farasi arobaini, ukiwafunga
kwenye kigari cha punda, nani anamvuta nani?
Kaka yangu Shaweji aliwafunga.
Boti nyembamba kama ganda la mua,
tezi imezama, omo inatazama mawingu;
na pale Rufiji inapokutana na maji kujaa,
mto unashuka, bahari inapanda,
hakuna anayempisha mwenziwe,
Shaweji akapunguza moto ghafla.
Wimbi lake mwenyewe, alilokuwa akiliburuta nyuma,
likamfikia.
Likaingia kwa tezi bila hodi.

Tulimpata siku ya tatu.
Injini hatujaipata hadi leo.
Mkopo wake tuliupata wote.

Ndani ya mkoba nina kamba ya katani, mafundo manne.
La kwanza ni upana:
mwanangu Siwatu alale kukingama, asikunje magoti.
La pili, ubavu juu ya maji,
boti ikiwa na watu watatu, nyavu, barafu na samaki,
maana tupu, hata sinia linaelea.
La tatu ni kimo cha tezi, nijue mguu wa injini:
mfupi kwenye tezi ndefu unatafuna hewa,
mrefu kwenye tezi fupi unalima tope.
La nne sikumwambia.

Kasiani aliicheka kamba.
Kisha akaacha kucheka, akapiga goti:
"Shika huko."

Tulifika kwenye ile iliyosukumwa pembeni.
Farasi kumi na tano, imechubuka shavu,
rangi yake imekuwa ya chai iliyolala.
Washa, nikasema. Ndani ya pipa, nione.
Alivuta mara tano.
Ikaguna, ikakohoa, ikashika.
Nikainama kutazama kama inakojoa.
Inakojoa!
Uzi mwembamba wa maji, vuguvugu, kama wa mtoto.
Injini isiyokojoa, ndugu yangu, ina homa,
nayo homa ya injini hupanda katikati ya mkondo,
haijawahi kupanda gatini.

Alasiri nikavuka na kivuko hadi Kigamboni.
Fundi Kibwana ana boti mbili uani.
Moja imechorwa tai, mabawa mpaka omoni,
vijana wanapiga nayo picha.
Nyingine haina rangi, pana, sakafu bapa,
imekaa kama mama anayenyonyesha, haina haraka na mtu.
Ikashushwa majini. Nikapanda,
nikasimama ukingoni kwa uzito wangu wote,
na Mungu amenipa uzito.
Ikainama.
Ikafikiri.
Ikarudi.

Fundi akataka kunionyesha tai.
Nikamwambia tai amwachie mwenye haraka.

Fedha za kikoba zikaisha hivi:
injini, boti, makasia mawili kwa siku injini itakaponuna,
pini za akiba, ndoo ya kufutia ngama,
maboya matatu ya kuvaa, si ya kukalia,
na ile kamba nyekundu ya kufunga mkononi
ili ukianguka wewe, moto uzime,
boti isikuzunguke ikirudi na panga lake.
Ya rangi haikubaki.

"Jina tuandike nini?" fundi aliuliza, kopo la chokaa mkononi.
Acha kwanza. Ipite masika moja.
Ikirudi tutajua inaitwaje.

Kasiani alinipigia jioni, eti stakabadhi niliisahau.
Halafu akaniuliza habari ya fundo la nne.
Nikamwambia halipimi kitu.
Liko mwishoni tu, kamba isifumuke.